Mmea Hupigaje Kamsa? Kazi ya Kalsiamu Mimea Inapokumbwa na Ukame, Chumvi na Wadudu

Watoto wengi wa Pwani wanakijua kifauongo. Ni mmea mfupi wenye miiba midogo na maua ya zambarau yaliyo kama vifundo vya nyuzi, unaoota kando ya njia na kwenye nyasi zenye unyevu. Ukiguswa kwa kidole, majani yake hujikunja mara moja na kulala. Baada ya dakika kadhaa hufunguka tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa mtoto huo ni mchezo, lakini kwa mmea ni kinga. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Saitama nchini Japani walionyesha kwamba kifauongo kinapojeruhiwa au kuliwa na mdudu, ishara ya kalsiamu hupita ndani ya jani hadi kwenye kifundo kinachokunja jani, na jani husogea ishara hiyo inapofika. Vifauongo vilivyozuiwa kujikunja vililiwa zaidi na panzi kuliko vile vilivyoweza kujikunja.

Mahindi, nyanya, kunde na mihogo haijikunji kwa kuguswa. Hata hivyo, ndani ya kila mmea shambani kuna mfumo kama huo wa kupiga kamsa, na kinachobeba habari ni kalsiamu. Mkulima wa Kilifi anayeuelewa mfumo huu ataweza kusoma dalili za mazao yake mapema. Pia ataweza kujua ni lini pesa zake zinafaa kwenda kwenye maji, kwenye matandazo au kwenye dawa, na ni lini anaelekea kuzitupa.

KALSIAMU NI NINI?

Kalsiamu si kitu kigeni kwa mkazi wa Pwani. Imo katika mifupa, meno na maziwa. Imo katika mawe ya matumbawe yanayojengea nyumba, na katika chokaa inayopatikana mawe hayo yakichomwa. Imo pia katika mbolea ya kukuzia ya CAN, kwani herufi C katika jina hilo ni ya kalsiamu.

Katika mmea, kalsiamu ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya ujenzi. Mwili wa mmea umeundwa na seli nyingi ndogo, kila moja ikiwa na ukuta wake, na kalsiamu hushikanisha kuta hizo kama saruji inavyoshikanisha matofali. Ikikosekana, sehemu changa za mmea hulegea na kuoza.

Kazi ya pili ni ya kupeleka habari, na ndiyo inayoshangaza zaidi. Katika hali ya utulivu, maji yaliyo ndani ya seli huwa na kalsiamu kidogo mno. Nje ya seli, na katika ghala la maji lililo katikati ya seli, kalsiamu huwa nyingi kwa karibu mara 10,000. Tofauti hiyo haitokei yenyewe. Seli hutumia nguvu usiku na mchana kuisukuma kalsiamu nje au kuirudisha ghalani, kama mabaharia wanaotoa maji ndani ya ngalawa bila kupumzika.

Seli hujitaabisha hivyo kwa sababu kalsiamu ikizidi hugandana na fosfati, na fosfati ndiyo seli inayoitegemea katika kutunza na kutumia nguvu zake. Kalsiamu nyingi ikibaki humo kwa muda mrefu, seli hufa.

Mimea imeigeuza hatari hiyo kuwa faida. Kwa kuwa ndani ya seli kumetulia, kalsiamu kidogo tu inayoingia huonekana mara moja. Ni kama kijiji usiku wa manane: mtu mmoja akipiga ukemi, kila nyumba inasikia. Sokoni saa nne asubuhi, ukemi huohuo ungemezwa na kelele.

Hatari inapotokea, milango midogo kwenye ngozi ya seli hufunguka na kalsiamu humiminika ndani. Humo hukutana na protini zinazoisubiri, mojawapo ikiitwa kalmodulini. Protini hizo zikishika kalsiamu hubadilika umbo na kuamsha nyingine, na hizo huamsha nyingine tena. Mwishowe amri hufika mahali pa kufanyia kazi: funga matundu ya majani, toa chumvi, tengeneza sumu ya kumkinga mmea dhidi ya viwavi. Kisha pampu za seli huitoa kalsiamu ili kamsa inyamaze na mmea uwe tayari kwa kamsa nyingine.

WANASAYANSI WALIIONAJE?

Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa gumu kuthibitisha, kwa sababu kalsiamu haionekani kwa macho na mabadiliko yake hupita kwa sekunde chache. Msaada ulitoka baharini, kwa yavuyavu, yule mnyama laini anayewasha ngozi ya waogeleaji.

Mwaka 1962, mwanasayansi Osamu Shimomura na wenzake walieleza kuhusu protini waliyoipata katika aina moja ya yavuyavu wa bahari ya Pasifiki, ambayo hutoa mwanga inapokutana na kalsiamu. Mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kazi yao ya kuifanya miche ya tumbaku itengeneze protini hiyo. Kila walipougusa mche au kuupoza ghafla, mche ulitoa mwanga hafifu uliopimwa kwa mashine. Mmea ulikuwa umehisi, na kalsiamu ilikuwa imepanda.

Mwaka 2018, watafiti wa Marekani na Japani, wakiwemo Masatsugu Toyota na Simon Gilroy, walionyesha jambo hilo kwa picha za video. Walitumia mmea mdogo uitwao Arabidopsis, wa jamii moja na kabichi na sukuma wiki. Kiwavi alipokata jani moja, mwanga ulianza kwenye jeraha ukasambaa hadi kwenye majani mengine ambayo hayakuguswa. Ishara ilisafiri kwa kasi ya karibu milimita moja kwa sekunde, na katika muda wa dakika moja au mbili majani ya mbali yalikuwa yamepata habari.

KAMSA MOJA, HABARI NYINGI

Swali linalofuata ni hili: ikiwa kalsiamu ndiyo kamsa ya kila hatari, mmea unajuaje kwamba leo ni ukame, si kiwavi?

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini msikilizaji mzoefu alijua pia ni jambo gani, kwa namna mbiu ilivyopigwa. Kalsiamu nayo ina namna zake za kulia. Baridi ya ghafla huipandisha kwa kasi na kuishusha. Katika seli zinazolinda matundu ya majani, inaweza kupanda na kushuka mara kadhaa kama mapigo ya ngoma. Chumvi huanzisha wimbi linalotoka kwenye mizizi kwenda juu. Mahali ishara inapoanzia, ukubwa wake, muda wake na idadi ya mapigo yake vyote huchangia kubeba maana. Isitoshe, kalsiamu haifanyi kazi peke yake. Homoni za mmea, ishara za umeme na kemikali nyingine hupita pamoja nayo.

UKAME: KUFUNGA MILANGO KUNA GHARAMA

Kila jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Kupitia matundu hayo, mmea huvuta hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo hutumia kujitengenezea chakula, na kupitia hayohayo hupoteza maji. Kila tundu lina seli mbili za ulinzi zinazolifungua na kulifunga.

Udongo unapokauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo ABA. Homoni hiyo huziamsha seli za ulinzi, na kalsiamu hupanda ndani yake. Seli hizo hupoteza chumvichumvi na maji, hunywea, na tundu hufungwa. Yote haya hutokea kwa muda wa dakika chache, muda mrefu kabla ya mkulima kuona jani limenyauka.

Hatua hiyo huokoa maji lakini ina bei yake. Matundu yakifungwa, kaboni dayoksaidi haiingii, na mmea huacha kujitengenezea chakula cha kutosha. Jani pia hukosa ubaridi unaoletwa na maji yanayotoka kama mvuke, hivyo joto lake hupanda. Mmea unaofunga milango kila siku kuanzia saa tatu asubuhi huishi, lakini haukui.

Kwa mahindi, dalili iliyo rahisi kuisoma ni majani kujiviringa. Yakijiviringa saa saba mchana na kufunguka jioni, mmea unajikinga na jua kali na hali si mbaya sana. Yakiwa bado yamejiviringa asubuhi na mapema, udongo wa kwenye mizizi umekauka kweli na mmea unaumia.

Wakati wa hatari zaidi ni takriban wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya mahindi kutoa ndevu. Ukame wa kipindi hicho huchelewesha ndevu, mbelewele hukosa kukutana nazo kwa wakati, na magunzi hubaki na mapengo ya punje. Mkulima mwenye maji kidogo ya kumwagilia hufaidika zaidi akiyaweka kwa ajili ya kipindi hicho kuliko akiyagawa sawasawa kwa msimu mzima.

Katika maeneo makavu kama Ganze, ambako wengi hutegemea mvua pekee, msaada mkubwa ni kuyazuia maji ya mvua yasitoroke. Mashimo ya zai, matuta yanayokinga mteremko na matandazo ya nyasi au mabua hufanya udongo ukauke polepole. Ukame unaokuja polepole humpa mmea nafasi ya kuongeza mizizi na kurekebisha majani yake. Ukame wa ghafla humkuta hajajiandaa.

CHUMVI: MIZIZI NDIYO YA KWANZA KUJUA

Karibu na bahari tatizo ni jingine. Kisima kikivutwa maji kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini ya ardhi na kuingia kisimani. Mkulima humwagilia kama kawaida, lakini kidogo kidogo chumvi hujikusanya shambani.

Mwaka 2014, watafiti walionyesha kwamba mzizi wa Arabidopsis ukiwekewa chumvi, wimbi la kalsiamu huondoka hapo na kupanda kuelekea majani kwa kasi ya takriban nusu milimita kwa sekunde. Kwa hiyo majani hujulishwa habari kabla chumvi yenyewe haijayafikia.

Kazi kubwa zaidi hufanyika mizizini. Huko kuna mfumo ambao wanasayansi huuita SOS, jina linalofanana na wito wa meli iliyo hatarini. Protini ya kwanza huhisi kalsiamu iliyopanda. Huishika ya pili na kuiamsha. Ya pili huiwasha ya tatu, ambayo ni pampu inayotupa sodiamu nje ya seli. Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayodhuru mimea mingi zaidi.

Pampu hiyo hutumia nguvu ambazo mmea ungezitumia kukua na kuzaa, na ina kikomo. Chumvi ikizidi, kingo za majani huungua na kuwa kahawia kuanzia majani ya chini, miche hudumaa, na ukoko mweupe huonekana juu ya udongo uliokauka.

Mkulima akiziona dalili hizo, hatua ya kwanza ni kupima maji ya kisima, si kuongeza mbolea. Mbolea nyingi za dukani zenyewe ni aina za chumvi, na zinaweza kuongeza tatizo. Maji ya mvua au ya mto yakipatikana, yamwagwe kwa wingi mara mojamoja ili yaishushe chumvi chini ya mizizi, mradi shamba lina njia ya kupitisha maji. Matandazo husaidia pia, kwa sababu maji yakipungua kupotea juani, chumvi nayo hupungua kupanda juu.

Uchaguzi wa zao una uzito wake. Maharagwe, vitunguu na karoti huumia haraka kwa chumvi. Mahindi huvumilia kidogo. Kunde na mtama huvumilia zaidi, na mnazi umezoea ukingo wa bahari tangu jadi.

VIWAVI: KAMSA PEKE YAKE HAITOSHI

Kiwavi anapouma jani, seli zilizopasuka humwaga kemikali iitwayo glutameti. Kemikali hiyo hufungua milango ya kalsiamu katika seli za jirani, na kamsa huanza kusafiri. Majani yaliyopata habari hutengeneza homoni ya kujikinga, na homoni hiyo huyafanya yatoe vitu vinavyomvuruga mdudu tumbo au kumfanya ashindwe kusaga chakula.

Kinga hii ni ya kweli lakini haiji bure. Mmea unaotumia nguvu kujikinga hupunguza nguvu za kukua. Tena kuna wadudu walioizoea. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017, hujificha katikati ya mhindi, ndani ya majani machanga yaliyokunjana, na anaweza kuumaliza mmea mchanga kabla kinga yake haijapata nguvu.

Kwa hiyo mkulima asisubiri mmea ujitetee. Shamba likaguliwe mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapochipuka. Madirisha madogo meupe kwenye majani, matundu yaliyopangika kwa mstari na kinyesi kama unga wa mbao katikati ya mmea ni dalili zake. Viwavi wadogo ni rahisi kuwadhibiti. Wakishakuwa wakubwa na kuzama ndani, dawa nyingi haziwafikii.

NYANYA ZINAZOOZA KITAKO

Hapa ndipo kalsiamu humgharimu mkulima pesa moja kwa moja. Kwenye mashamba ya mboga, yakiwemo yale ya kando ya Mto Sabaki, si ajabu kuona nyanya nzuri zikianza kuharibika upande wa chini. Huanza na doa lenye majimaji, kisha doa huwa kahawia au jeusi, hudidimia na kukauka kama ngozi. Wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Dawa haisaidii, kwa sababu huo si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda lenyewe.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mara nyingi udongo una kalsiamu ya kutosha. Kilichokosekana ni usafiri. Kalsiamu hupanda kutoka mizizini ikiwa imebebwa na maji, na huenda kule ambako maji yanakwenda kwa wingi, yaani kwenye majani yanayotoa mvuke. Tunda hutoa mvuke kidogo sana, hivyo hupata fungu dogo. Ikishafika kwenye jani, kalsiamu hairudi nyuma kwenda kulisaidia tunda. Maji yakikosekana kwa siku chache wakati tunda likiwa dogo na likikua haraka, seli za upande wa chini hukosa kalsiamu, kuta zake hulegea na sehemu hiyo hufa.

Kutokana na hayo, mambo manne yanafaa kukumbukwa:

1. Maji ya mara kwa mara na ya kiasi ni bora kuliko maji mengi baada ya siku nyingi za ukavu. Mipira ya matone na matandazo husaidia sana, hasa kwenye udongo wa mchanga.

2. Kumimina CAN zaidi kwa sababu ina kalsiamu kunaweza kuzidisha tatizo. Naitrojeni ikizidi, majani huongezeka, na majani hayo ndiyo yanayolinyang'anya tunda kalsiamu.

3. Kalsiamu iliyonyunyiziwa majani haisafiri kutoka jani kwenda kwenye tunda. Anayeinunua asitegemee iponye tatizo ambalo chanzo chake ni maji.

4. Tunda lililokwisha kuoza kitako haliponi. Liondolewe, na juhudi zielekezwe kwenye matunda yanayofuata.

JE, KALSIAMU ZAIDI ITAUPA MMEA SAUTI KUBWA?

Mtu anaweza kufikiri kwamba akiongeza kalsiamu shambani, mmea utapiga kamsa kwa nguvu zaidi na kuushinda ukame. Sivyo. Kiasi kinachotumika katika kamsa ni kidogo mno, na mmea hujipimia wenyewe. Mmea wenye kalsiamu ya kutosha hauongezewi chochote kwa kupewa nyingine, kama vile mlinzi mwenye filimbi moja nzuri asivyohitaji filimbi kumi.

Mambo ni tofauti pale ambapo kalsiamu imepungua kweli au imezidiwa na kitu kingine. Kwenye udongo wenye asidi nyingi, chokaa ya kilimo huongeza kalsiamu na kupunguza ukali wa asidi unaoharibu mizizi. Kwenye udongo ulioshikwa na sodiamu, jasi huleta kalsiamu inayochukua nafasi ya sodiamu, ili sodiamu iondolewe kwa maji safi.

Lakini mashamba yaliyo juu ya mawe ya matumbawe, kama yale yaliyo karibu na ufuo, kwa kawaida tayari yana kalsiamu nyingi, na kuyawekea chokaa ni kupoteza pesa na huenda kukazuia madini mengine yasipatikane kwa mmea. Udongo wa mchanga, kwa upande mwingine, hupoteza virutubisho vyake upesi mvua kubwa inapopita. Mashamba mawili yaliyo umbali wa kilomita chache yanaweza kuhitaji mambo kinyume. Ndiyo maana udongo unapaswa kupimwa kwanza, kisha pesa zitoke mfukoni.

MMEA HUKUMBUKA

Mwaka 1998, watafiti waliochunguza Arabidopsis walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mmea uliowahi kupitia hali inayofanana na ukame haukutoa ishara ileile ya kalsiamu hali hiyo iliporudi. Yaliyoupata zamani yalibadilisha namna ulivyojibu.

Wakulima walilijua jambo la namna hii kwa vitendo. Miche ya nyanya, pilipili au sukuma wiki iliyolelewa kivulini na kumwagiliwa kila siku, ikihamishwa ghafla kwenye jua la Pwani, mingi hunyauka na kufa. Miche iliyozoeshwa hustahimili. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuihamisha, kivuli kipunguzwe kidogo kidogo na maji nayo yapunguzwe, bila kuiacha inyauke kabisa. Kisha ihamishwe jioni au siku ya mawingu, na imwagiliwe vizuri siku hiyo.

MAMBO YA KUFANYA MSIMU HUU

• Tembelea shamba asubuhi na mapema, si mchana pekee. Mmea ulionyauka saa saba mchana huenda unajikinga tu. Ulionyauka alfajiri unahitaji maji.

• Weka matandazo kabla udongo haujakauka. Yanayowekwa baada ya kiangazi kukolea hayana maji mengi ya kutunza.

• Kama kisima kiko karibu na bahari, pima chumvi ya maji kabla ya kupanda, na upime tena kiangazi kinapoendelea. Usivute maji kupita kiasi.

• Usinunue chokaa, jasi wala dawa ya kalsiamu kabla ya kupima udongo na kujua chanzo cha tatizo.

• Chagua mbegu inayofaa eneo lako. Kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa kimefanya kazi kwa miaka mingi kuhusu mazao ya Pwani, na mahindi kama PH1 na PH4 yalitolewa kwa ajili ya mazingira haya.

• Fuatilia utabiri wa mvua unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ili upandaji uende sambamba na mwanzo wa mvua.

Mkazi anayeona dalili asizozielewa, iwe ni majani yanayoungua kingo, nyanya zinazooza kitako au mahindi yaliyotobolewa, anashauriwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake mapema. Ni vyema abebe jani au tunda lenye dalili. Pia aeleze ni lini mara ya mwisho alimwagilia, ni mbolea gani aliyoweka na maji yake yanatoka wapi. Mara nyingi majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayoonyesha tatizo liko wapi.

Mmea hupiga kamsa dakika chache tu baada ya kuhisi hatari, lakini mkulima huiona dalili baada ya saa au siku kadhaa. Kadiri anavyoiwahi dalili hiyo, ndivyo mavuno yanayobaki ya kuokolewa yanavyokuwa mengi.